Pweza Ana Haki Zake: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Salamu kutoka Kilifi, kaunti inayopokea wageni kwa ngoma na kusafirisha wenyeji kwa mikataba. Tunaanza kwa shukrani, maana Mamlaka yako imetuepusha na mzigo wa kujua mengi. Mtaliano akila pweza Watamu akamwona mgumu, hata bili hajalipa, dunia nzima imeshaambiwa mtandaoni, meneja hana raha na mpishi ameitwa ofisini. Binti wa Magarini akipelekwa Riyadh kwa mkataba wa miaka miwili, na ajenti akaacha kushika simu tangu siku ndege iliporuka, habari hiyo inaishia kwa mamake. Utaratibu mzuri. Pweza ana haki zake.

Utatujibu kwamba orodha ya maajenti wenye leseni iko wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma. Ni kweli, na inasaidia kuwachuja matapeli wasio na hata karatasi. Lakini leseni yapima karatasi ambazo ajenti mwenyewe amezileta. Yaliyowapata watu aliowapeleka hayamo. Anayewafuatilia wafanyakazi wake na anayewasahau wamepangwa humo bega kwa bega kama mapacha. Mwombaji wa Marafa hubaki na maneno ya dalali aliyemfuata hadi nyumbani, naye dalali hulipwa kwa kila kichwa anachokifikisha. Huko Saudia mwajiri hufungua Musaned, mfumo wa serikali yake, akalinganisha ofisi na gharama kabla hajatoa riali moja. Katika biashara hii asiye na uwezo wa kuchunguza ni yule tu anayesafirishwa.

Gharama ya kutojua tulishailipa. Mwaka 2014, Kazungu Kambi, mwana wa Kilifi hii hii, akiwa Waziri wa Leba, alifuta leseni za maajenti 930 kwa mpigo, na safari za wafanyakazi wa nyumbani kwenda Mashariki ya Kati zikapigwa marufuku. Wema na waovu walifagiwa pamoja, kwa kuwa serikali haikuwa na njia ya kuwatenganisha. Wanaotaka kwenda walikwenda, wengine kwa njia za panya, na marufuku ikaja kuondolewa. Machi 2025 gazeti la New York Times liliripoti kwamba Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, walikuwa wamefia Saudia katika miaka mitano. Hatudai kwamba kila kifo kina ajenti nyuma yake. Tunauliza tu kama waliotangulia wangeweza kuwaonya waliofuata, na wangewaonyea wapi.

Ombi letu ni dogo: waliopelekwa wawapime waliowapeleka, na matokeo yachapishwe ubavuni mwa leseni. Nyota hatuzitaki, nyota ni za hoteli. Tunataka majibu ya maswali manne kutoka kwa kila aliyepelekwa. Ulitozwa shilingi ngapi, na ulituma kwa nani? Mkataba uliousaini hapa ndio uliokutana nao kule? Ulipopiga simu una shida, ilipokelewa baada ya siku ngapi? Ulipotaka kurudi, nani alilipa tiketi? Yanajibika kwa simu ya kabambe, bila intaneti, na la kwanza lina ushahidi wake tayari: ujumbe wa M-Pesa hutaja kiasi, tarehe na jina la aliyepokea.

Maajenti watalalamika kwamba washindani watawajazia uongo. Hofu hiyo ina msingi, ila dawa iko ofisini mwenu. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na afisa wa leba. Basi anayejibu aingie kwa namba ya mkataba wake uliothibitishwa, mkataba mmoja jibu moja. Asiyewahi kupelekwa hana mlango. Watasema wanachafuliwa jina. Mahakama Kuu iliondoa kosa la jinai la kashfa mwaka 2017, na katika madai ya kawaida ukweli ni kinga. Ajenti aliyelipwa shilingi 40,000 hachafuliwi na mtu kusema kwamba alilipwa shilingi 40,000.

Pingamizi zito zaidi ni hili: mateso hufanywa na mwajiri, chini ya kafala, mfumo unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, na ajenti wa Mombasa hawezi kuingia chumbani mwa mtu kule Jeddah. Hapo wana nusu ya haki. Ndiyo maana hakuna hata swali moja katika yale manne linalouliza tabia ya mwajiri. Yote yanauliza mambo yaliyo mikononi mwa ajenti, na kushika simu ni mojawapo.

Kuna kasoro ambayo maajenti hawataitaja, nasi tunaitaja kwa niaba yao. Upimaji husikiliza wanaoweza kusema. Aliyenyang'anywa simu Dammam hajibu, na aliyerudi ndani ya sanduku hajibu. Kwa hesabu ya kawaida, ajenti mbaya kuliko wote anaweza kuibuka na alama safi, kwa sababu watu wake wako kimya. Kwa hiyo ukimya nao uhesabiwe. Tuseme ajenti amepeleka watu 100 na waliojibu ni 12: namba zote mbili ziandikwe pamoja, na ofisi yako iwatafute wale 88, kazi ambayo, samahani, tulidhani mnaifanya.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 2018 shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi, ITUC, lilizindua mfumo ambamo wafanyakazi wahamiaji huwapima maajenti wao. Tofauti ni kwamba chama hakina uwezo wa kunyima mtu leseni. Wewe unao.

Na akitokea ajenti wa kuja kwako na wakili kuupinga mpango huu kabla haujaanza, usimfukuze. Mpe kiti, andika jina lake vizuri, ulichapishe. Tutalihesabu kama jibu la kwanza.

Wako katika foleni ya pasipoti,
Mwandishi, Malindi