Ganzi haifiki moyoni

"Fungua kinywa, papa. Vumilia kidogo." Hiyo ndiyo dawa ya woga tunayopewa sisi wa Bibokoboko, huku milimani Kongo, tukishuka mjini Baraka kung'olewa gego. Haina bei, haiishi kabatini, wala sijaona aliyetulia kwa ajili yake.

Sindano ya ganzi siikatai. Lidokaini inafanya kazi yake, taya linakufa, mdomo unauhisi kama umevimba. Lakini haifiki moyoni. Macho bado yanaliona koleo likitoka kwenye sahani ya chuma, na masikio yanausikia mzizi ukikwaruza ndani ya kichwa. Hapo mwanaume mwenye ng'ombe zake anaanza kuita mama yake, aliyezikwa zamani.

Na dawa ya woga ipo! Desemba 1844, kule Hartford, Marekani, daktari wa meno Horace Wells alivuta gesi ya kuchekesha, mwenzake akamng'oa jino, na maumivu hakuyasikia. Siku hizi wenye uwezo wanachomwa midazolamu kwenye mshipa. Hulali kabisa, ukiitwa unaitika, ila mambo ya koleo hayakuhusu tena. Kidoleni unabanwa kifaa cha kupima oksijeni, na kuna mtu wa kuangalia pumzi yako. Kwetu munganga anayeng'oa ndiye huyo huyo anayeandika karatasi na kufukuza watoto dirishani. Pumzi yangu ataiangalia saa ngapi?

Halafu sikieni masharti ya midazolamu: uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani, usiendeshe gari, usitie sahihi karatasi yoyote siku hiyo. Gari lipi? Sisi tunapanda mlima kwa miguu, na njiani unaweza kukutana na wenye bunduki wanaouliza unatoka wapi. Swali hilo nataka nilijibu nikiwa na akili zangu zote. Na shemeji yangu akisikia kuna siku akili haziko sawa, atafika kabla ya chai kuzungumza habari za ng'ombe.

Basi midazolamu sidai, si mwaka huu. Ila nyinyi waganga wetu, yako mambo yasiyotaka hata faranga moja: funikeni koleo kwa kitambaa, ngojeni ganzi ishike sawasawa ndipo muguse jino, mtuambie mnachotaka kufanya kabla hamjakifanya, na mgonjwa akiinua mkono, muache kwanza.