Gitaa Lililotangaza Msiba

Pedali za gitaa za kukwaruza sauti zilianza na kitu kilichoharibika kikapata wateja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Nashville, Grady Martin alikuwa studioni akirekodi solo la gitaa la besi katika wimbo wa Marty Robbins, "Don't Worry." Transfoma ndani ya meza ya kuchanganyia sauti ikachagua siku hiyo kufa, na besi ikatoka inakoroma kama mzee aliyelala chali baada ya ubwabwa. Badala ya kufuta na kurudia, waliiacha hivyo hivyo, na watu wakaipenda. Mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikatoa kiboksi kiitwacho Maestro Fuzz-Tone, ambacho kazi yake ilikuwa moja tu: kuharibu sauti kwa makusudi. Hakikupata soko la maana hadi 1965, Keith Richards wa Rolling Stones alipokikanyaga kwenye "Satisfaction." Hapo ndipo maduka yalipoishiwa mzigo.

Nayatanguliza haya ili nieleweke mama watoto anapouliza kwa nini natuma pesa ughaibuni kununua pedali ya zamani ambayo muuzaji mwenyewe ameandika, bila aibu, kwamba ina kelele. Kelele ndiyo ninayolipia. Isiyo na kelele ipo madukani, mpya, ina dhamana, na bei yake ni ya kibinadamu.

Iliyonitesa kuliko zote ni Fuzz Face. Ilianza kutengenezwa London mwaka 1966 na kampuni ya Arbiter, na Jimi Hendrix ndiye aliyeipa jina duniani. Ni ya duara na nzito, inasemekana kwa sababu mwenye kampuni, Ivor Arbiter, alitazama kitako cha stendi ya maikrofoni akaona kinatosha. Juu ina vitufe viwili ambavyo ni macho, na chini yake mdomo unaocheka. Ukiifungua unasikitika: transista mbili, vikorokoro vichache vya kuzizunguka, na nafasi tupu ya kutosha kuhifadhia karanga.

Tatizo ni hizo transista. Ni za jemaniamu, na jemaniamu huvuja umeme. Joto likipanda kwa nyuzi 10 hivi, uvujaji unakaribia mara mbili, na ile sauti nene iliyokutoa machozi asubuhi inakuwa nyembamba, inakatikakatika. Waliobuni kitu hiki walikaa London, mji ambao joto ni habari ya gazetini. Hapa Dar es Salaam mwezi wa Februari, kufikia saa nane mchana pedali yangu ilikuwa haiimbi, inakohoa.

Dawa inayojulikana kwa wapigaji wa huko ni kuipoza. Basi siku za shoo niliiweka kwenye friji, ndani ya mfuko, kando ya bamia. Nani angejua kwamba mama mkwe angefika kutoka Kilwa siku hiyo hiyo? Alifungua friji kutafuta maji akakuta uso mwekundu unamchekea. Akafunga mlango taratibu, hakusema kitu. Usiku ndipo alipomwita binti yake pembeni na kumuuliza kwa sauti ya chini, mume wako siku hizi anatibiwa na nani? Hadi leo, akija kwetu, maji anakunywa ya mtungi.

Kwenye betri, kwa mara moja, tuliwazidi Wamarekani. Wapenzi wa pedali hizi wanataka betri ya volti 9 ya aina ya zamani, kaboni na zinki, ile dhaifu, kwa imani kwamba ile yenye nguvu inaharibu sauti. Eric Johnson, mpiga gitaa wa Texas, ana sifa ya kusikia tofauti kati ya betri na betri. Huko wanazitafuta kwa tochi. Hapa, nenda duka la Mangi uombe betri nzuri, utapewa hiyo.

Umeme wa ukutani ndio haujawahi kuniheshimu. Boss CE-1 ya mwaka 1976, mama wa pedali zote za korasi, inachomekwa ukutani, na yangu ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako umeme ni volti 100. Sisi tunatumia 230. Niliifungia kabatini nikisubiri transfoma ya kushusha. Mpwa wangu, kijana mwenye moyo wa kusaidia, alikuta plagi yake ina miguu miwili bapa, akaona hilo ndilo tatizo, akaitafutia adapta. Alinipigia simu kunipa habari njema kwamba taa imewaka. Kisha akasema, "Anko, subiri kidogo," simu ikakatika.

Lakini harusi ya Sinza ndiyo iliyoifanya bendi yetu ijulikane. Ukumbi ulikuwa karibu na mnara wa redio, jambo ambalo halikumhusu mtu yeyote isipokuwa Fuzz Face. Waya mrefu wa gitaa hugeuka antena, na transista za namna hii hazihitaji kubembelezwa: zinachukua mawimbi yaliyo hewani, zinayachuja, zinayakuza, zinayapeleka kwenye spika. Ilikuwa saa mbili na ushei usiku, taarifa ya habari imekwisha. Bibi harusi alikuwa mlangoni. MC akaomba utulivu, bendi ikashuka, nami nikazilalia nyuzi kwa kiganja. Katika kimya kile spika yangu ikasema, kwa adabu na huzuni zote, kwamba familia inasikitika kutangaza kifo cha baba yao mpendwa, na habari ziwafikie ndugu na jamaa wote walioko Muheza, Lushoto na Korogwe.

Jina la marehemu lilimezwa na mikwaruzo. Laiti lingesikika! Upande mzima wa bwana harusi ulikuwa umetoka Korogwe. Shangazi mmoja alisimama akauliza, "Nani? Kafa nani?" na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na jibu, akaanza kulia kwa tahadhari, asipitwe. Nikakanyaga swichi kuizima. Swichi za umri ule hukwama. Tangazo la pili likafuata, la Handeni.

Simu zilipigwa Korogwe hadi saa sita. Hakuna aliyekuwa amekufa, angalau si kwa upande wao, lakini kamati ya harusi ilitukata sehemu ya malipo na kuandika kwenye daftari "usumbufu." Mpiga ridhimu wetu, mzee aliyekulia kwenye dansi la Mlimani Park Orchestra, ambako gitaa la solo husikika safi hadi unahesabu nyuzi, alifunga gitaa lake kwenye mfuko akaniambia, "Mwanangu, sisi tumepiga muziki miaka yote hiyo. Gitaa halijawahi kuzika mtu." Nikajitetea kwamba jirani zetu Zambia, miaka ya 1970, bendi ya WITCH na Paul Ngozi walijenga muziki mzima juu ya mikwaruzo hii hii. Akanijibu kwamba reli ya TAZARA ilijengwa kuleta shaba, si kelele.

Niliipeleka pedali kwa fundi redio, Gerezani, kwa ajili ya swichi tu. Niliporudi nikamkuta anatabasamu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Swichi nimekubadilishia. Ila nilipofungua nikaona nizipime na zile transista zako." Akatikisa kichwa, kwa uso wa daktari mwenye majibu mabaya. "Zilikuwa zinavuja. Zote mbili!"

Nikahisi jasho.

"Nikazitoa. Nimekuwekea za silikoni, haziogopi joto hizi. Zinataka umeme uingie kwa upande mwingine, kwa hiyo nimegeuza na betri. Nimeongeza kapasita ndogo ya kuzuia redio. Zile za silikoni hata sijakudai, nilikuwa nazo kwenye kopo."

Hasira zangu zilikosa pa kutua, maana fundi alikuwa sahihi kila mahali. Arbiter wenyewe walihamia silikoni mwishoni mwa miaka ya 1960, na Hendrix alizitumia za aina zote mbili. Nilipochomeka gitaa hapo hapo kwenye benchi lake, sauti ilitoka kali, imesimama, saa nane mchana, bila friji. Na kwa kuwa umeme wake sasa ulikuwa umegeuzwa, ningeweza hata kuiunga kwenye adapta moja na pedali nyingine, jambo ambalo zamani lingeleta shoti. Ilikuwa imepona kila ugonjwa niliowahi kuulalamikia. Na kwa mkusanyaji yeyote wa London au Tokyo, thamani yake ilikuwa imebaki ya kile kitako cha stendi.

"Zile za zamani ziko wapi, fundi?"

"Zile? Nimemwekea mzee mmoja wa Buguruni kwenye redio yake ya mbao. Zilitengenezwa kwa redio zile, mwanangu."

"Lakini si umesema zinavuja?"

"Mzee mwenyewe hasikii vizuri."

Nilielekezwa nyumba. Mzee alinikaribisha barazani, akaniletea kigoda, na redio ikiwa mezani inazungumza kwa sauti nene, ya joto, yenye mikwaruzo kidogo pembeni, sauti ambayo ningeitambua hata usingizini. Nilimsalimu, nikasifia redio, nikazunguka, nikafika kwenye bei. Nikataja kiasi ambacho kingemnunulia redio mpya na meza yake. Alinisikiliza hadi mwisho, kiganja nyuma ya sikio.

"Mjukuu wangu," akasema, "nikikuuzia redio hii, nitajuaje nani kafa?"