Mkondo wa Chapati
Kijana wetu wa programu za simu hasemi tena "orodha". Siku hizi ni "mkondo". Kitufe kikiguswa, mkondo. Jina la mteja, ambalo halijabadilika tangu azaliwe, nalo mkondo. Kayatoa kwenye Rx, maktaba ya kushughulikia mikondo ya data: ilitoka Microsoft mwaka 2009, Netflix wakaileta kwenye Java mwaka 2013 kwa jina la RxJava, na wenzetu hao walikuwa na mafuriko ya kweli. Yeye ana fomu ya kuagiza chapati.

Tumpe haki yake: kisanduku cha kutafuta kinayataka mambo haya. Mtu anaandika "ndi", kisha "ndimu". Opereta ya debounce inasubiri vidole vitulie, switchMap inalitupa jibu la zamani. Yeye kaweka flatMap. Basi majibu yote yanaingia, na lililochelewa ndilo linalokaa: umeandika ndimu, unaletewa ndizi. Kufuta usajili kasahau pia. Skrini imefungwa zamani, mkondo bado unatiririka, na anayelipa ni betri yangu.

Nikamuuliza hitilafu iko wapi. Akanionyesha maopereta 12 yaliyoungana kama mabehewa. "Mojawapo hapo, kaka." Chapati sijaletewa mpaka leo.