Mabati kwa Sahani

Baba watoto aliuza sahani zake zote za santuri kwa shilingi 750,000, akatununulia mabati. Nataka ieleweke mapema kwamba hakuna aliyemtuma. Masika yalikuwa mlangoni, chumba cha mama mkwe kinavuja pande mbili, na zamu yangu ya kikoba ilikuwa mwezi unaofuata. Nikamwambia tuvumilie, tutege ndoo. Akasema mama yake mzazi hawezi kulala na ndoo ubavuni ilhali yeye ana mali kabatini. Maneno ya kiume hayo. Mama mkwe akamwombea dua mbele ya wageni, na baada ya dua mtu harudi nyuma.

Mali yenyewe ilikuwa sahani mia tatu na ushei, zimesimama wima katika kabati la mninga. Wima, kwa sababu zikilazwa zinalemeana mpaka zinapinda, na joto la Tanga halina huruma. Alianza kuzikusanya akiwa kibarua bandarini. Mtu wa Ngamiani wa rika lake hawezi kukosa maringo ya muziki: upande wa dansi mji huu ulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, upande wa taarab Black Star na Lucky Star, na Wilson na George Kinyonga walitoka hapahapa kabla ya kwenda kuwa Simba Wanyika huko Kenya. Muziki ulikuwa wetu, sahani zilikuwa za wenzetu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa. Ukitaka wimbo ulale nyumbani kwako, uliutazamia Nairobi, au Mombasa kwa akina Assanand na nembo yao ya Mzuri.

Halafu Februari 1977 mpaka ukafungwa, usifunguliwe hadi 1983. Katika miaka hiyohiyo ndipo Les Wanyika walipojimegua kutoka Simba Wanyika wakatoka na “Sina Makosa”, na vijana wa Tanga wakawa wanaisikia kwa mbali kwenye redio ya jirani aliyenasa Kenya. Ya baba watoto ilipita njia za panya za Horohoro, imefungwa kwa khanga, chini ya kikapu cha dagaa. Mpaka anaiuza alikuwa akidai jalada lake bado linanuka dagaa. Mimi nimenusa mara nyingi, sikupata kitu ila karatasi.

Mnunuzi alikuwa kijana mtaratibu anayezunguka miji ya pwani akinunua sahani za kupeleka ng'ambo. Hakuweka hata moja kwenye gramafoni. Alizitoa moja baada ya nyingine, akazishika kwa kingo, akasogea mlangoni na kuziinamisha kidogo ili mwanga upite juu ya mistari. Hapo mkwaruzo wote hujitokeza, hata ule mwembamba kama unywele. Jalada hakulijali sana, alisoma karatasi ya katikati. Yenye ukungu aliipangusa kwa ncha ya shati lake, nami nikamwona baba watoto akifumba macho. Katika nyumba hii sahani hupanguswa kwa kitambaa laini na maji yenye sabuni kidogo, kwa kufuata mzunguko, na karatasi ya katikati isidondokewe hata tone. Watoto wanne wamekulia humu, hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Lakini siku hiyo mwenyewe alinyamaza, tena akamsaidia mgeni kuzipanga katika maboksi ya sabuni, wima, akimwonya kuhusu matuta ya barabarani. Fedha zikaingia kwenye simu. Gramafoni kijana hakuitaka.

Mabati yakapigwa. Usiku wa mvua ya kwanza nikaamshwa.

“Bibie, unazisikia kelele hizo?”

“Mvua hiyo, baba.”

“Mabati ya zamani hayakuwa na makelele haya.”

Ya zamani yalikuwa na matundu, maji yakipita hayapigi kelele. Sikumjibu hivyo, nilikuwa na usingizi. Ila asubuhi nilimkuta sebuleni anapangusa kabati tupu, rafu kwa rafu, kwa kitambaa chake kilekile. Mama mkwe akashauri kwa nia njema kwamba tupange vyombo vya wageni humo. Baba watoto akanuna hadi chai ikapoa. Tangu hapo ile methali ya majuto na mjukuu ikapigwa marufuku nyumbani, na kwa bahati mbaya mjukuu tunaye kweli, wa miaka mitatu. Yeye ndiye aliyegundua kuwa gramafoni bado inazunguka. Akamkalisha mwanasesere wake juu yake, akawa anampungia mkono kila anapopita. Babu mtu aliwatazama wote wawili, akatoka kwenda barazani.

Kilichonishangaza mimi ni jinsi zile sahani zilivyopona baada ya kuondoka. Ilikuwepo moja ya Atomic Jazz yenye ufa tangu watoto wetu hawajaanza shule. Sindano ikifika kwenye ubeti wa pili ilikuwa inaruka, inarudi, inaruka tena, mpaka mtu ainuke aisogeze. Wanangu walijifunza wimbo ule pamoja na kuruka kwake. Siku moja harusini, bendi ya wazee ikaupiga, na mabinti zangu wawili wakarudia neno lile mara tatu mbele ya watu, kwa sauti, wakidhani ndivyo ulivyotungwa. Tulicheka mpaka tukatoka nje. Basi sahani hiyo, wiki chache baada ya kuuzwa, ikawa “ilikuwa kama mpya”. Nikamkumbusha ufa. Akasema ufa gani. Sahani za taarab ambazo hakuwa akizigusa, kwa sababu alizirithi kwa shangazi yake na yeye ni mtu wa dansi, nazo zikapanda cheo. Eti alikuwa akizihifadhi kwa ajili ya uzee. Ana miaka sitini na minane, sijui alikuwa akiusubiri uzee upi.

Kijana wetu wa pili, anayeishi Dar, akaona atatue jambo hili kisasa. Akaja na spika ndogo, akazipakia nyimbo zote kwenye simu ya baba yake, na nyingine za ziada ambazo hata kabatini hazikuwemo. “Baba, shikamoo, sasa kila kitu kipo hapa.” Baba akashukuru kwa adabu. Jioni akaiwasha.

Asiyewahi kuishi na sahani ndogo za mizunguko 45 labda hajui kwamba wimbo mrefu wa dansi ulikuwa haukai upande mmoja. Unakatwa. Upande wa kwanza ni maneno, kisa kinaelezwa, na pale magitaa yanapoanza kuchemka, sauti inafifia, sindano inakwaruza hewa. Mtu ainuke, aigeuze, apulize vumbi, aishushe sindano taratibu, ndipo raha yenyewe ianze. Katika mapumziko hayo ndimo chai ilimomiminwa nyumbani kwetu, na ndimo wazee wa barazani walimobishania nani anapiga solo. Kwenye simu wimbo ulipita moja kwa moja. Nikamwona baba watoto ameinuka palepale alipozoea kuinuka. Akasimama katikati ya sebule, mikono mbele, magitaa yanaendelea bila yeye. Akazunguka kidogo, akajifanya anafunga dirisha.

Hapo ndipo nilipoelewa, nikaacha kumtania. Nyimbo hakupoteza, nyimbo zimejaa tele. Alichouza ni cheo chake. Kila siku baada ya swala ya Alasiri wazee walikuwa wakipita kuagiza: leo tupigie Morogoro Jazz. Yeye anajidai anatafuta, na anajua ilipo, huku akiwasimulia upya usiku wa Januari 1979, Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, na mpaka umefungwa. Simulizi lilikuwa ndiyo kiingilio, hupati wimbo kabla hujalisikiliza. Sasa wazee wenyewe wana simu. Wanapita, wanasalimu, wanaendelea na safari.

Akampigia mnunuzi. Kijana akajibu kwa heshima zote kwamba mzigo ulikwishaondoka nchini, ila nakala nyingine ya “Sina Makosa” anayo, safi, na kwa kuwa ni mzee wake atamwachia kwa elfu arobaini na tano tu. Ukigawanya ile 750,000 kwa sahani mia tatu, utajua kwa nini baba watoto aliiweka simu chini akaenda kutawadha wakati usio wa swala. Mama mkwe akauliza kuna nini. Alipoelezwa akasema, “Basi mwambie tutamrudishia fedha zake, atuletee sahani, mabati tutayabandua.” Alikuwa anatania. Nilimwona mwanawe akiyatazama mabati.

Namshukuru Mungu kwamba alikwenda soko la Mgandini siku aliyokwenda. Alitumwa muhogo. Akarudi na boksi kichwani, muhogo hakuna. Alilipata kwa bei ya kutupa kutoka kwa muuza vyuma chakavu: nyimbo za filamu za Kihindi, kwaya za kanisa, hotuba ambayo msemaji wake hatujamtambua, na kozi nzima ya kujifunza Kifaransa. Hakuna hata moja ambayo angeichagua kwa hiari. Zilikuwa chafu vibaya. Akaomba beseni. Siku nzima akaziosha kwa kufuata mzunguko, akazianika kivulini zimeegemea ukuta, akizigeuza, akiwafukuza kuku. Chakula cha mchana alikula kwa mkono mmoja.

Ninyi mnaosema fundi huchagua chombo, njooni mtusikilize jioni. Mwanamke wa Kifaransa anauliza stesheni iko wapi, anangoja ujibu, halafu anajijibu mwenyewe. Mama mkwe, aliyetimiza miaka themanini na kitu akiwa na Kiswahili na Kidigo vinavyomtosha, amekuwa akimjibu kwa bashasha, kwa kuwa ni aibu kuulizwa njia na mgeni ukanyamaza. Mjukuu kahamishia mwanasesere wake kitandani kwa hiari yake. Na wazee wawili wa Alasiri wamerudi, mwanzoni kwa kuja kucheka, sasa wanajua kuhesabu hadi kumi. Baba watoto anawakatiza katikati ya somo kuwaeleza historia ya mwanamke huyo, ambayo ameitunga mwenyewe.

Juzi akaja jirani wa nyumba ya tatu, ambaye baba yake amefariki hivi karibuni na sasa wanafungua vyumba. Kabeba katoni. Baba watoto akanawa mikono, akaenda nayo mlangoni, kwenye mwanga. Akaitoa ya kwanza, akaiinamisha. Ya pili. Ya tatu ilikuwa moja ya zile nzito za mizunguko 78 zinazovunjika zikianguka, karatasi yake imechubuka, lakini jina la Siti binti Saad lilisomeka. Safari ya Siti kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928 ameisimulia nyumbani kwetu tangu ananioa, na hajawahi kumiliki hata sahani yake moja. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikamwona anavyomeza mate. Akairudisha ndani ya katoni polepole.

“Kuna kijana kasema atapita Jumamosi kuziangalia,” jirani akasema. “Nikaona nikuulize wewe kwanza, maana wewe ulishamuuzia. Bei zake zikoje?”

“Yule?” Baba watoto akatikisa kichwa. “Yule mnyonyaji. Usithubutu.”

“Sasa wewe wazionaje?”

Akakohoa. Akaichukua moja ya juu, akaitazama kwa kingo, jicho moja kalifumba.

“Zimepinda, jirani. Na ukungu huu, unauona? Lakini kwa ajili ya ujirani na marehemu, nitakuchukulia. Elfu moja mia tano kwa moja.”

Chumbani, mama mkwe, ambaye masikio yake huchagua siku za kusikia, akaguna kwa nguvu. Baba watoto akaongeza mia tano.