Mama Mkwe na Mashine Isiyoshiba

Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua maji hadi Dar es Salaam nzima ikaanza kuuzungumzia kama mgonjwa wa familia. Mvua zilikuwa zimegoma, mgao ukatangazwa, na mtaani kwetu Tabata bei ya dumu la lita 20 ikawa inategemea sura ya mnunuzi. Siku hizo hizo ndipo mama mkwe alipoamua kuja kutusalimia kutoka Pangani. Aliteremka stendi ya Magufuli, Mbezi, amepakata mtungi wa udongo uliofungwa kwa kanga mbili. Mwanawe alimwambia kwamba nyumbani friji ipo.

"Friji si mpaka umeme uwepo?" akamjibu. "Huu haumngoji mtu."

Mtungi ulipata makao barazani, penye kivuli na upepo, juu ya mchanga mbichi. Kabla ya kuujaza aliupindua juu ya chetezo, ukanywa moshi wa ubani. Udongo una vinyweleo: maji hutoka jasho upande wa nje, upepo huyakausha, na yaliyobaki ndani hupoa. Wanangu, waliokuwa wakihesabu maji yasiyotoka kwenye friji kuwa ni adhabu, walianza kugombania kata ya kifuu. Binti mkubwa pekee ndiye aliyesusa, akidai maji yananukia msikiti. Alisusa mpaka adhuhuri.

Jumamosi mama mkwe akaigundua mashine ya kufulia. Ni zile za kumiminia maji juu, na kwa kuwa bomba lilikuwa kavu nilikuwa nikiijaza kwa ndoo. Alikaa kwenye kibao chake cha mbuzi, nazi mkononi, akihesabu. Ndoo ya kwanza alinyamaza. Ya pili akaacha kukuna. Mashine ilipotema maji ya povu na kudai mengine ya kusuuzia, alisimama.

"Mwanangu, mnyama huyu hashibi?"

Akaichomoa waya mwenyewe. Akapanga mabeseni mawili: la kufulia na la kusuuzia. Nguo nyeupe zilitangulia, zikafuata za rangi, kisha sare za shule zenye wino na embe, mwisho matambara ya jikoni. Maji yaliyobaki yakaenda chooni. Yale aliyooshea mchele alikuwa ameshaumwagia mchicha. Jioni akafuta sahani zote: wali ukapakuliwa kwenye sinia moja, kila mtu akala upande wake, nyama zikabaki katikati zikingoja mkubwa azigawe. Kitinda mimba, ambaye kwa desturi hula saa nzima huku akitazama katuni, siku hiyo alimaliza wa kwanza. Penye mikono sita hakuna anayekusubiri utafune huku unatazama televisheni.

Hapo baba watoto akanogewa. Alianza kutuhutubia kuhusu maisha ya zamani, jinsi yalivyokuwa mepesi na watu walivyokuwa hawana makuu. Alihutubia hivyo baada ya kuoga ndoo mbili.

Usiku mmoja alijaribu bomba la jikoni, likakoroma bila kutoa kitu. Akaliacha wazi, eti maji yakija tuyasikie. Chini yake sinki lilikuwa limezibwa na sufuria la ukoko. Maji yalikuja saa tisa usiku, na aliyeyapokea ni mama mkwe. Kitanda cha wageni alikuwa amekikataa kwa sababu kinabonyea, akatandika godoro lake chini, sebuleni.

"Yarabi! Bahari imenifuata!"

Tulimkuta amesimama juu ya kochi, godoro limelowa, zulia linaelea pembeni. Baba watoto akakimbilia ufagio ili ayasukume maji nje. Mama yake alishuka kochini, akaziba mlango kwa mwili wake.

"Thubutu! Tone moja lisitoke!"

Tukaanza kuyafyonza kwa kanga na mataulo, tunakamulia kwenye ndoo. Ya sakafuni yaliwekwa kando kwa choo. Ya bombani yakajaza madumu, mabeseni, sufuria la pilau, hata bakuli la maua ya plastiki. Binti yangu, akikamua taulo na macho yamejaa usingizi, akauliza kama kweli zamani maisha yalikuwa mepesi namna baba anavyosema.

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini.

"Mepesi kwa nani, mjukuu wangu? Mimi naamka alfajiri naenda kisimani, ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Babu yako anaamka jua limetoka, maji anayakuta ndani. Ukimuuliza yeye, yalikuwa mepesi."

Nilimtazama baba watoto. Alikuwa amegeukia zulia, analikagua kwa makini ya fundi.

Kesho yake ikatoka zamu ya kuteka maji, na jina la kwanza lilikuwa la mwanawe wa kiume. Alisukuma mkokoteni wa madumu kutoka kwenye kisima cha msikitini hadi kwetu, kwenye kile kimlima ambacho siku zote hukipita kwa gari bila kukiona. Majirani walimpa pole kana kwamba amefiwa. Jioni hiyo alioga nusu ndoo, na hotuba za zamani hatukuzisikia tena. Katika mafunzo yote tuliyopata kwa yule mama, mimi naliweka hili mbele, hata mbele ya mtungi.

Mvua ziliporudi naye akaaga. Mtungi alituachia. Mwanawe akamuuliza angependa zawadi gani ya kurudi nayo Pangani, akitarajia kusikia kitenge au mafuta ya kupikia.

"Ile mashine," akasema.

"Mama! Si wewe uliyesema haishibi?"

"Hapa kwenu. Kwangu kisima kiko uani. Mimi nimekataa maji kumwagwa, sijasema nife nafua kwa mkono."

Konda alidai nauli ya abiria wawili. Mama mkwe akamwambia huyo wa pili ni mtoto, apakatwe.