Madabodi Mpya, Kiza Kilekile

Jirani, leo kompyuta usiniguse nayo. Nimekula jua la Kariakoo, nimekula hasara, na wateja wangu muda wote huo wanatoa kopi kwa yule wa ng'ambo ya barabara. Tena wakipita hapa wananipungia mkono.

Mashine yenyewe unaijua, ile desktop ya mtumba pale steshenari kwangu. Umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira, ikazima jumla. Dogo fundi akaifungua, akanionyesha vile vidude vya duara, kapasita, vichwa vimevimba. "Mshua, madabodi imekufa. Katafute nyingine." Alivyotamka, ungesema nikanunue kiberiti! Hela iliyokuwepo ni ya kodi ya fremu. Ikaenda hiyohiyo.

Dukani naulizwa, soketi gani? Mie soketi naijua ya ukutani. Nikasema yoyote tu, mradi umeme upite. Muuzaji akacheka, halafu akawaita wenzake waje wacheke na wao. Mwisho akaongea na dogo kwenye simu, simu yangu, salio langu. LGA 1155, sijui DDR3, mimi nimeshika mfuko natikisa kichwa.

Tukafunga. Dogo akabonyeza. Taa ikawaka, feni ikazunguka, nikapiga makofi. Picha sasa! Kioo cheusi tii. Feni inapuliza tu. Mama Nasri akachungulia. "Baba Nasri, kumbe ulikwenda kununua feni?" Sikumjibu. Ningejibu nini?

Dogo akachomoa RAM, akaomba ufutio. Ndiyo, ufutio, akaazima wa Nasri wa shule. Akasugua yale meno ya rangi ya dhahabu taratibu, akapuliza vumbi la raba, akarudisha na kubana mpaka vibanio vikalia ka! ka! Jasho likanitoka mimi. Kiza kilekile. Akawasha tochi ya simu, akaingiza kichwa ndani ya keisi, akanyamaza. Kumbe prosesa ina waya wake wa umeme peke yake! Wa pini 4, umejikunja kule nyuma ya pawasaplai, haujachomekwa. Ule mnene wa pini 24 hautoshi, feni zitazunguka mpaka Idi na picha huioni. Dogo akanigeukia. "Mshua na wewe, ungenikumbusha." Mimi nimkumbushe!

Ukachomekwa, picha ikaja. Ikaja na Januari 2012, maana hata betri ya saa, ile bapa ya CR2032, ilikuwa imejifia. Nyingine, hela nyingine. Halafu window ikaanza kuwaka. Ikafika katikati, ikaja bluu, ikazima, ikawaka, bluu tena. Nikasema sasa hii ni ya kuombewa. Dogo akaingia BIOS, ule ukurasa ambao mimi hata kuutazama naogopa. Akasema window ilipigwa diski ikiwa kwenye AHCI, madabodi hii imekuja imewekwa IDE, hawaelewani. Akabadilisha neno moja tu, akasevu. Ikapanda mpaka mwisho! Kwa neno moja hilo kanichaji sawa na kufunga mashine nzima, na soda juu. Baridi.

Sasa imebaki kona ya chini kulia, maandishi hayatoki. Dogo anasema leseni ilishikana na madabodi ya zamani, hii mpya haitambui, inataka niiwezeshe upya. Niiwezeshe na nini, mimi mwenyewe nani ananiwezesha?

Asubuhi foleni imejaa, mama wa vitumbua kaja kuchapisha barua ya mkopo. Akainama, akayasoma yale maandishi herufi kwa herufi, kwa sauti. "Baba Nasri, mbona inakudai? Ni ya wizi?" Foleni nzima kimya, macho kwangu. Nikamwambia hapana mama, hayo ni matangazo tu.

Akaniuliza bei gani, nimwekee na vitumbua vyake.