Kwanza Omba Likizo kwa Mwezi

Familia ya mjini ikiamua kwenda Lamu kwa mara ya kwanza kuzunguka visiwa kwa mashua, mipango yake huwa na utaratibu usiobadilika. Kwanza hufunguliwa kundi la WhatsApp. Kisha huteuliwa mweka hazina, ambaye kwa kawaida ni yule aliyechelewa kukataa. Zinafuata fulana za rangi moja zenye jina la safari, halafu mjadala mrefu kuhusu mbuzi, kama achinjwe Nairobi au anunuliwe huko huko, na shemeji mmoja hujitolea kuleta spika. Mashua yenyewe hukumbukwa wiki ya mwisho. Maji, yaani kama yatakuwepo, hayaulizwi mpaka watu wamesimama ufukweni na mikoba yao wakitazama tope. Hoja yangu ni kwamba mpango huu umewekwa kichwa chini miguu juu. Likizo ya kupita katika mikono ya bahari na vijito vya mikoko ianze na maji, na maji yana mpangaji mmoja tu, naye ni mwezi. Bosi, shule na mweka hazina watafuata nyuma.

Ushahidi uko wazi kwa yeyote mwenye macho na subira. Kati ya maji kujaa na kujaa tena hupita saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku ratiba husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na katika pwani ya Kenya tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, na tofauti hiyo hunywea hadi mita moja hivi. Tena bamvua ya pwani yetu ina saa zake. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Ukitaka kujua kwa nini likizo nyingi za mashua huharibika, tazama tu hizo saa nne na saa tano za asubuhi. Ndio wakati ambao mtu wa mjini, aliyeamka kwa raha zake, akanywa chai, akajipaka mafuta ya jua na kumtafuta mtoto wa pili aliyepotea, huwa tayari kuondoka.

Visiwa vya Lamu havina huruma kwa ratiba hiyo. Nenda Takwa, magofu ya mji uliohamwa katika karne ya 17 kule Manda, utaingia kwa kijito kinachojipenyeza kati ya mikoko, na kijito hicho hupitika vizuri maji yakiwa yamejaa. Yakipwa, kilichobaki ni tope na miguu yako mwenyewe. Siyu, kisiwani Pate, ni hadithi ile ile: mkono mwembamba wa bahari unaoingia kati ya mikoko, na mashua iliyochelewa hubaki mbali ikiitazama ngome. Mji wa Pate nao una tabia hiyo, ndiyo maana vyombo vingi huteremsha abiria Mtangawanda, penye kina. Na Mkanda, ile njia nyembamba kati ya Manda na bara, kwa vizazi umekuwa na sifa ya kuwangojesha mabaharia mpaka maji yajae. Sehemu zote hizi ndizo zinazowekwa kwanza kwenye orodha ya mgeni, na aghalabu huwekwa zote katika siku moja, kana kwamba bahari imetia sahihi.

Kichekesho kikubwa ni cha siku za Idi. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana jedwali la maji nyumbani kwake bila kujua. Tarehe mosi na kumi na tano hukaribia bamvua, tarehe saba au nane na ishirini na mbili au ishirini na tatu huelekea maji mafu. Idi ya Mfunguo Mosi, kwa hiyo, haina budi kuangukia bamvua, mwaka hadi mwaka, iwe Machi au iwe Agosti. Watu huswali, hupeana mikono, hula biriani ya mapema, kisha husema sasa twende tukatembee na mashua. Saa hiyo ni saa nne na nusu. Maji yamekwenda zake, na watoto waliovaa nguo mpya wanapandishwa chomboni kupitia tope la kufika magotini. Idi ya Kuchinja ni kinyume chake. Ile huja tarehe kumi, maji mafu yakiwa hayajapita mbali, na maji hujaa karibu na mchana, saa ya kistaarabu kabisa, lakini hujaa kwa ubahili. Vijito vya ndani havipati chochote cha maana. Haya yote yanaweza kujulikana miezi kumi kabla, na bado kila Idi watu hushangaa.

Najua jibu la wenye pesa: siku hizi kuna injini. Kweli zipo, na injini ya farasi 40 ni chombo kizuri mahali penye maji. Rafadha yake, hata hivyo, inahitaji kina kama ubao wa mashua unavyokihitaji, na ikipiga tope hutoa moshi, kelele na matusi, bila mwendo. Wenye upondo angalau walijua kina kwa kuuchovya. Injini hudhuru kwa njia nyingine pia, kwa kumpa abiria moyo wa kusema kuna muda. Mabaharia wa nchi nyingi huhesabu kupwa kwa kanuni ya sehemu 12: saa ya kwanza baada ya kujaa maji hushuka sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, kisha mbili, kisha moja. Chukua bamvua ya mita 3. Baada ya saa nzima yameshuka sentimita 25 tu, na aliyeketi kivulini Takwa na kikombe cha kahawa haoni tofauti yoyote, anaagiza kingine. Saa ya tatu na ya nne peke yake huondoka na mita moja na nusu. Hapo mizizi ya mikoko hujitokeza ghafla, kaa hutoka mashimoni kama waliitwa, mashua hulala ubavu, na sufuria ya pilau iliyokuwa katikati husafiri taratibu mpaka kwa mama mkwe. Injini ya farasi 400 isingeizuia.

Wengine hutoa simu mfukoni. Jedwali la maji liko humo, husema, la nini kumsumbua mwezi? Mimi silidharau jedwali. Nasema tu lisomwe na mtu anayejua linazungumzia nini. Kwa kawaida huandikwa kwa bandari kubwa, na Kilindini ya Mombasa haiko ndani ya kijito cha Siyu. Maji huchelewa kuingia ndani ya mikoko, tena huchelewa zaidi mahali penye mafungu. Lakini hatari kubwa imo ndani ya vichwa vyetu. Simu huandika 10:00. Msomaji aliyezaliwa katika saa za Kiswahili, akiwa na haraka, huona saa kumi. Makosa ya saa sita katika mambo mengine ni aibu ndogo: unafika harusini watu wanafagia. Kwenye maji ni balaa iliyopimwa kwa rula, kwa sababu kutoka kujaa mpaka kupwa ni saa sita na dakika chache. Hakuna kosa jingine la saa ambalo lingekupeleka kwa uhakika zaidi kutoka kwenye maji mengi mpaka kwenye tope. Aliyegawa mchana wetu kuanzia macheo hakuwa na nia mbaya, ila hakujua kuwa siku moja utakutana na jedwali la simu.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni hili: nahodha yupo, amezaliwa humo, mgeni ana haja gani ya kujua? Nakubali nusu. Nahodha wa Lamu anajua maji kuliko jedwali lolote. Anachokosa ni kura. Chomboni ni mtu mmoja mbele ya wateja kumi na wawili waliokwisha kulipa, na malezi yake hayamruhusu kumkatalia mgeni waziwazi. “Tukiondoka saa tano si sawa, bwana nahodha?” huuliza shangazi. “Tutaangalia maji, mama,” hujibu yeye. Kwa mtu wa pwani hilo ni hapana iliyovaa kanzu. Shangazi husikia ndiyo, huitangaza kwenye kundi la WhatsApp, na kuanzia hapo saa tano huwa sheria. Ujuzi wa nahodha hauna faida ukiulizwa baada ya tiketi za ndege kukatwa. Muda wa kumsikiliza ni kabla ya tarehe kuchaguliwa, wakati bado hana cha kupoteza kwa kusema kweli.

Wapo pia wanaosema kwamba kukwama kwetu ni ukosefu wa maendeleo: yajengwe magati, vichimbwe vijito, mambo yaishe. Magati ni mema na wakazi wa Pate wana haki nayo kuliko watalii. Ila wanaodhani utajiri huishinda bahari watazame Norfolk, mashariki ya Uingereza, ambako likizo za boti za kukodi ni biashara ya siku nyingi na kila mgeni hupewa kitabu cha maelezo. Kule Great Yarmouth, mito inapokutana kuelekea baharini, waanzaji hushauriwa kupita maji yakishapwa na mkondo umetulia. Ukivuka hapo salama, kuna madaraja. Lile la mawe la Potter Heigham, la zama za kati, ni la chini kiasi kwamba boti za kukodi hupitishwa na rubani, na maji yakiwa juu hata rubani hutikisa kichwa. Sisi hunaswa na uhaba wa maji. Wao wanaweza kunaswa pia na wingi wake, mbele ya daraja, kikombe cha chai mkononi.

Basi mwerevu hudhani amepata njia: achague maji mafu, kupanda na kushuka kwa maji kuwe kudogo, asikwame kabisa. Ni kweli hatalala ubavu, lakini pia Takwa na Siyu huenda asiziingie kwa mashua siku yoyote ile, maana maji ya kujaa nayo ni haba. Kilele cha bamvua kina mtego mbaya zaidi. Chombo kikipanda fungu maji yakiwa yamefika juu kabisa, kujaa kunakofuata kutakuwa kudogo kidogo, na kunakofuata tena kudogo zaidi, na chombo kitasubiri bamvua nyingine, yaani siku 14 au 15. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi za likizo kwa mwaka. Ukitoa siku za kungojea fungu likuachie, zilizobaki zinatosha kumweleza bosi.

Kwa hiyo mahali pazuri pa kuanzia ni siku ya tatu au ya nne baada ya mwezi kuandama. Bamvua imeanza kulegea lakini maji bado ni mengi, na yanajaa mnamo saa moja asubuhi au baadaye kidogo, saa ambayo hata watoto wa mjini wanaweza kuamshwa bila vita. Ondokeni saa kumi na mbili, mwingie na maji yanayopanda, ili hata mkigusa tope maji yanayokuja yawainue. Tazameni magofu kwa saa moja, mtoke kabla maji hayajafika zile saa zake za kukimbia. Halafu panga kukwama, kwa sababu ratiba nzuri pia hukosea: jaketi za kuokolea kwa kila kichwa, maji ya kunywa ya kutosha siku nzima, tende na mkate, dawa ya mbu, na makubaliano ya mapema kuhusu nani atakwenda haja nyuma ya mkoko upi. Agosti kusi huvuma na nje ya visiwa bahari huchafuka, ila ndani ya mikoko kuna utulivu. Aprili mvua haichagui.

Mpigie nahodha kabla ya kumwandikia bosi barua ya likizo. Mwulize maji yanajaa saa ngapi siku ile, umwombe ataje kama ni asubuhi au jioni, kisha ndipo mjadiliane bei. Desemba wageni huwa wengi Lamu, hivyo ni vyema simu hiyo ipigwe mapema.